Sebule Inayotazama Kaskazini na Jani Lililopelekwa Dukani

Simu iliita Jumapili ya pili ya Novemba, saa kumi na moja jioni, na nje giza lilikuwa limeshaanza kutanda. Wiki moja kabla, saa zilikuwa zimerudishwa nyuma kama ilivyo desturi ya Marekani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi huo. Aliyepiga ni mama mmoja wa Tanga anayeishi kusini mwa Minneapolis na mumewe, watoto wawili, na mama yake mzazi aliyekuja kuwatembelea. "Dada, njoo uione sebule yangu," aliniambia. "Tumeipaka rangi wenyewe, mimi na baba watoto, na sasa hakuna anayetaka kukaa humo. Mama anabeba chai yake anahamia jikoni."

Kazi yangu ni kupaka rangi na kupamba nyumba. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa yake, tena kwa urefu, kwa sababu kosa lililofanyika humo nimelikuta katika nyumba nyingi za watu wetu huku, na kila mara mwenye nyumba hujilaumu kwamba hana jicho la rangi. Mama huyu jicho analo. Rangi aliyoichagua ilikuwa nzuri.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Oktoba walikwenda kutembea Minnehaha, bustani kubwa ya mji yenye maporomoko ya maji, wakati miti imegeuka. Bibi hakuwahi kuona jambo kama lile. Vitabu vyetu vya shule huuita msimu huu vuli, lakini mtu wa Tanga ukimtajia vuli anawaza mvua za Oktoba hadi Desemba, ardhi inalainika na majani yanachipua. Bibi alikataa katakata kuyaita yale vuli. Alisema haya ni mapukutiko, na mapukutiko ndiyo tuliyoyatumia sote tangu siku hiyo. Aliokota jani moja la mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, jekundu la kuingia chungwa, akalibana ndani ya daftari la mjukuu wake. Mama akalichukua jani lile hadi duka la rangi. Mashine ya dukani ikalisoma, zikachanganywa galoni tatu. Wikiendi moja, kuta zote nne zikapakwa.

Kwa hiyo rangi ya ukutani ilikuwa ya jani lenyewe, imesomwa na mashine. Mama hakuelewa kwa nini jani lilimfurahisha na ukuta ukamchosha. Nami nilipokuwa njiani kwenda kwake nilikuwa na majibu mawili au matatu tayari kichwani, lakini lile lililokuwa la kweli zaidi sikuwa nalo.

Nilifika saa nne asubuhi, nikaomba nikae hadi usiku. Siku hizi sikipangii bei chumba chochote kabla sijakiona asubuhi, alasiri na usiku, kwa sababu ni vyumba vitatu tofauti. Sebule ile ina karibu mita 5 kwa 4, dari yake ina mita 2.5, na madirisha mawili mapana, yote yanatazama kaskazini. Sakafu, fremu za milango na madirisha, na mbao za chini ya ukuta zote ni za mwaloni uliopigwa vanishi, kama zilivyo nyumba nyingi za miaka ya 1920 katika mji huu. Kochi kubwa ni la kijivu. Katikati ya dari kuna taa moja.

Asubuhi ukuta ulikuwa rangi ya matofali yaliyolowa. Haukuwa mwekundu wala wa chungwa, ulikuwa mzito tu, na pembeni ya dirisha, pale ambapo mwanga ungetarajiwa kusaidia, ulikuwa umepauka kama umepakwa majivu. Saa kumi na robo jioni, kabla taa haijawashwa, kuta zilizama kabisa. Kochi la kijivu lilionekana vizuri na pazia jeupe lilionekana, ila kuta zilikuwa kama zimetoka chumbani. Hilo lina maelezo ya siku nyingi. Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki, alilieleza katika karne ya 19 kwamba giza linapoanza kuingia, jicho huipoteza rangi nyekundu kabla ya buluu na kijani. Waridi jekundu linakuwa jeusi wakati majani yake bado yanaonekana. Mtu anayeishi Tanga hukutana na dakika hizo chache tu, maana jua letu huzama upesi. Minneapolis mwezi wa Desemba, siku ya mawingu, utusitusi unaweza kuanza saa tisa alasiri ukakaa nawe.

Taa ilipowashwa, mambo yakawa mabaya kwa namna nyingine. Balbu ilikuwa nyeupe ya kukazia, ya Kelvin 5000, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho kadiri kinavyopanda ndivyo mwanga unavyokuwa mweupe wa ubuluu. Namwelewa aliyeinunua. Kwetu pwani mwanga mweupe unapendwa, unaipoza nyumba machoni baada ya mchana wa jua kali. Lakini mwanga ule juu ya rangi ya chungwa iliyokolea ulifanya kuta zipige kelele huku nyuso za watu zikiwa zimepauka. Mtoto mdogo alisema sebule inafanana na mgahawa. Alikuwa sahihi.

Kabla ya jioni hiyo nilikuwa nimeomba kuliona jani. Lilikuwa limefifia kidogo, si sana. Niliposhika jani juu ya ukuta, vilifanana hata nikashangaa, jani nalo likawa zito na la matofali kama ukuta. Mashine haikukosea. Kisha nikasogea dirishani, nikalinyanyua jani kati yangu na mwanga, mwanga ule ule hafifu wa kaskazini, na likawaka. Mishipa yake yote ikaonekana, na wekundu ukarudi kama ulivyokuwa Minnehaha. Nikamwita mama na bibi. Tukasimama pale watatu tukilipeleka jani ukutani na kulirudisha dirishani, mara nne au tano.

Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo sikuja nalo. Rangi za mapukutiko, zile zinazotufanya tusimamishe gari, nyingi tunaziona mwanga ukiwa umepita ndani ya jani. Jua liko nyuma ya mti, nawe uko mbele yake. Jani ni jembamba, lina maji na rangi ndani yake, linafanya kazi kama kioo cha rangi. Ukuta hauwezi kufanya hivyo. Ukuta unapokea mwanga, unameza sehemu yake na kurudisha kilichobaki. Mama alikuwa ameichukua rangi ya kitu kinachopitisha mwanga, akaipaka juu ya kitu kinachoumeza.

Nyuma ya kadi ya rangi huwa kuna namba inayoonyesha ukuta utarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 ya weusi mtupu hadi 100 ya weupe mtupu. Ile ya kwake ilikuwa 17. Maana yake, katika kila mafungu mia ya mwanga yaliyogusa kuta zile, themanini na tatu hayakurudi. Na mwanga wenyewe ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Minneapolis iko karibu kabisa na nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, na tarehe 21 Desemba jua lake la adhuhuri hupanda nyuzi 21 na ushei tu juu ya upeo, chini ya robo ya njia ya kufika utosini. Jua hilo lote huzunguka upande wa kusini. Dirisha la kaskazini, kuanzia mapukutiko hadi masika yao, halioni jua hata dakika moja. Linapata mwanga wa anga tu, nao una ubuluu, na theluji ikianguka inauakisi ubuluu huohuo hadi darini. Rangi ya joto inayomulikwa kwa mwanga wa ubuluu huchafuka. Ndio ule umajivu niliouona pembeni ya dirisha.

Kulikuwa na mwaloni pia. Ule mbao wa zamani uliokula vanishi miaka mia una rangi ya asali iliyokolea, karibu sana na chungwa la ukutani. Kabla ya kupaka, chumba kile kilikuwa tayari na mapukutiko sakafuni na kwenye kila fremu, ila hakuna aliyeyaona kwa sababu kuta zilikuwa za kijivu baridi. Baada ya kupaka, mbao zikamezwa na kuta. Na lile kochi la kijivu, ambalo dukani lilikuwa kijivu kweli, lilikuwa limegeuka buluu. Mume aliniuliza kama nguo ya kochi imechujuka. Haikuchujuka. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana za Gobelins jijini Paris, alikuwa na wateja waliolalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akagundua kwamba nyuzi zilikuwa nzima, tatizo ni rangi zilizofumwa kando yake. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1839, na mpaka leo ndiyo yanayotuambia kwa nini kijivu kikiwekwa kando ya chungwa huvuta kwenye buluu. Niliwaambia wasilitupe kochi. Majani ya mepo yanapendeza kwa sababu nyuma yake kuna anga ya buluu, na wao walikuwa nayo anga, imekaa katikati ya chumba.

Kilichofuata kilikuwa mazungumzo ya rangi, na humo bibi alituongoza. Nilikuwa nimekuja na kadi za dukani zenye majina ya Kiingereza, vyakula na miji. Bibi akazipanga upya mezani kwa majina yake: samli, maji ya kunde, kutu, ugoro, bizari, damu ya mzee. Jina la kadi halimwambii mtu kitu, lakini "damu ya mzee" inamwambia ni nyekundu iliyotulia, inayokwenda kwenye weusi, si nyekundu ya kijana. Tukaenda nje kutazama mti uliobaki na majani uani, nao ni mwaloni, unaoshikilia majani yake makavu hata theluji inapoanguka. Nikamwomba mama anihesabie nyekundu iko wapi. Hakuipata. Alipata ugoro, maji ya kunde, na njano iliyochoka hapa na pale.

Hata kwenye mti wa mepo nyekundu si nyingi kama tunavyoikumbuka. Mti unapojiandaa kwa baridi, klorofili ya kijani huvunjika, na njano iliyokuwa imefunikwa nayo tangu mwanzo inaonekana. Ni karotenoidi, jamaa wa rangi iliyomo ndani ya karoti. Nyekundu yenyewe, anthosiani, kwa kawaida haikuwemo. Hutengenezwa siku zile za mwisho kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Mpangilio huo nilitaka tuufuate chumbani: njano ya chini kwa chini iwe kila mahali na ya kudumu, hudhurungi iwe nyingi, nyekundu ije mwisho, kidogo, tena ije pale palipo na mwanga wa kupita ndani yake.

Kuta tatu tulizipaka rangi ya samli, namba yake ya mwanga ni 76. Ukuta wa nne, ulio nyuma ya kochi na mbali na madirisha, ulipata maji ya kunde. Shubaka la vitabu ndani ya ukuta huo, ambalo halifiki mita moja ya mraba, tulilipaka damu ya mzee kwa ndani tu. Dari tuliipaka samli iliyochanganywa nusu kwa nusu na nyeupe, maana dari nyeupe ya barafu ingeurudisha ule ubuluu.

Kuhusu upakaji wenyewe sina mengi, isipokuwa moja ambalo nalisema kwa kila mtu anayenunua nyumba ya zamani Marekani. Rangi za nyumbani zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku nchini humo mwaka 1978. Nyumba ya miaka ya 1920 inaweza kuwa nayo chini ya tabaka zote za baadaye, hasa kwenye madirisha. Usipige msasa mkavu, na watoto wasicheze na vipande vinavyobanduka. Tangu mwaka 2010, fundi anayelipwa kuchokonoa rangi ndani ya nyumba za kabla ya 1978 anatakiwa kuwa na cheti cha kazi hiyo. Mume alikuwa ameshaanza kukwangua fremu moja kwa mkono. Nilimsimamisha, tukapima, tukasafisha kwa maji na vitambaa, kisha mbao za mwaloni tukaziacha kama zilivyo. Kwenye kuta, praima, yaani rangi ya kutangulia, mikono miwili ilitosha kuifunika ile chungwa, halafu samli mikono miwili.

Pesa nyingi niliomba ziende kwenye taa. Mama alishangaa, kwa sababu alidhani amemwita fundi rangi. Balbu ya darini tuliibadilisha kwa ya Kelvin 2700, tukaweka na kitu cha kupunguzia mwanga. Tukaongeza taa nne: mbili za kusimama, mbili za mezani. Kwenye boksi la balbu niliwafundisha kutazama kipimo kilichoandikwa CRI, ambacho mwisho wake ni 100 na kinaonyesha balbu inazitendea haki rangi kwa kiasi gani. Balbu nyingi za bei rahisi huishia 80, na mara nyingi nyekundu ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Tulinunua za 90 na kuendelea. Na kofia za taa zile nne hatukununua nyeupe. Mama alikuwa na kitambaa cha kitani cha rangi ya kutu na kingine cha bizari. Bibi, ambaye alishona maisha yake yote, akazivika fremu za kofia kwa mkono katika muda wa siku tatu.

Jioni ya kuziwasha sikusema neno. Taa ilipita ndani ya kitani kama jua linavyopita ndani ya jani, na nyuzi za kitambaa zikaonekana kama mishipa. Mwanga ulioangukia ukuta wa samli ulikuwa na rangi ambayo hakuna kopo linaloweza kuwa nayo. Ilikuwa ile rangi ya Oktoba waliyoitaka, mahali pake. Kipimajoto cha ukutani kilibaki kilekile, nyuzi 20, lakini bibi alirudi na chai yake sebuleni.

Vitu vingine vilikuja taratibu. Bibi alikuwa amekuja na mkeka wa ukindu, miyaa iliyotiwa rangi ya chungwa, zambarau na njano, umekunjwa chini ya kitanda ukisubiri kupewa mtu. Tuliutundika juu ya ukuta wa maji ya kunde, naye aliridhika baada ya kuhakikishiwa kwamba haukupigwa msumari. Mito miwili ya kutu, mmoja wa ugoro, na mmoja wa buluu uliolifanya kochi lionekane limekusudiwa. Kapu la shaba kwa ajili ya viatu vya theluji. Nilikataa majani ya plastiki na maboga ya kupaka, na mama alibishana nami kidogo. Hoja yangu ilikuwa kwamba pambo la msimu linakwisha na msimu, na baridi ya Minneapolis ina miezi mitano. Chumba hiki kilitakiwa kufanya kazi mwezi wa pili, wakati nje hakuna jani hata moja.

Si kila nilichoshauri kilifaulu. Nilichagua mapazia mazito ya rangi ya bizari, nikidhani yatakuwa kama ukuta wa majani dirishani. Usiku yalipendeza. Mchana, hata yakifunguliwa, marundo yake pande mbili yalikula karibu theluthi ya kila dirisha, katika chumba ambacho kilikuwa hakina mwanga wa kugawa. Nililiona kosa hilo siku ya kwanza ya theluji, nikayarudisha kwa gharama yangu, na badala yake bibi akashona mapazia mepesi ya kitambaa cha samli kinachoangaza. Mume naye mpaka leo anaona ukuta wa nyuma ya kochi ni mweusi mno. Huenda ana haki. Tulikubaliana tuungoje kiangazi tuuone kwa mwanga mwingine.

Kulikuwa na galoni nzima iliyobaki ya ile rangi ya jani, na mama hakutaka kuitupa. Alitaka kumpa jirani. Nikamwomba tuipandishe kwanza ghorofani, kwenye ukuta wa ngazi ulio mkabala na dirisha la kusini. Pale jua la Desemba, kwa sababu ya uchini wake, huingia ndani kabisa hadi kwenye vidato, saa tano hadi saa nane mchana. Tulipaka ukuta mmoja, mita sita za mraba hivi, mikono miwili. Juzi alinitumia picha aliyoipiga saa sita mchana: theluji dirishani, ukuta unawaka, na daftari la mtoto limeachwa wazi kwenye kidato cha tatu, jani likiwa bado limebanwa ndani yake.